Maswali na Majibu: Kosa Lisilo na Mlalamikaji

Swali. Shikamoo wakili. Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mwanangu wa pili ana miaka 26, ni fundi simu, na hajawahi kunitia aibu. Mwezi uliopita aliitwa na kijana waliyefahamiana kwenye simu, akaenda nyumba ya kulala wageni huko Buhongwa, na alipofika tu wakaingia vijana wanne waliojiita askari. Walimpiga, wakamvua nguo, wakampiga picha, kisha wakanipigia simu mimi mzazi. Nilituma laki nane, fedha niliyokuwa nimeiweka ya kununulia mzigo giza likianza na mitumbwi ikiingia ziwani. Wiki iliyofuata wakadai nyingine. Nilipombana mwanangu, akaniambia kwamba anapenda wanaume wenzake, na ndivyo alivyo tangu utotoni. Mimi ni Mkatoliki, nipo WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na sijui nimwombe Mungu ambadilishe au nimwombe amlinde. Nikienda polisi, atakayefungwa ni wale au ni mwanangu? Na sheria ya namna hii ni ya haki kweli?
*Mama wa Mwaloni*

Jibu. Marahaba, mama. Nianze na la haraka, lile la haki litafuata. Usitume tena hata shilingi moja. Watu wa aina hiyo hawana bei ya mwisho, kwani aliyelipa mara ya kwanza amewathibitishia mambo mawili, kwamba anaogopa na kwamba anazo. Walichokifanya ni jinai: wamejifanya watumishi wa umma, wamempiga mtu, wamedai fedha kwa vitisho, na kwa kuwa vitisho vyenyewe vimepita kwenye simu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inawahusu. Hifadhi ujumbe wote, hata ule wenye matusi. Omba taarifa ya miamala kwenye duka la kampuni ya simu yako, kwa sababu jina lililosajiliwa kwenye namba iliyopokea laki nane ndipo upelelezi utakapoanzia.

Hata hivyo usiende kituoni peke yako, na mwanao asiende kabisa kabla hajaonana na wakili. Sisemi hivyo kwa kuwadharau polisi. Nasema kwa sababu jibu la swali lako la kwanza ni chungu: hatari ipo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayemwingilia mtu kinyume na maumbile pamoja na anayeruhusu mwanamume amwingilie hivyo, na adhabu yake ni kifungo cha maisha, nacho kwa vyovyote hakiwezi kuwa chini ya miaka 30. Kujaribu tu, kwa mujibu wa kifungu cha 155, ni miaka isiyopungua 20. Lakini kinachoadhibiwa ni tendo. Hakuna kifungu kinachomfunga mtu kwa jinsi alivyo au kwa anayempenda, na upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha tendo hilo pasipo kuacha shaka. Kijana aliyevuliwa nguo na majambazi amethibitisha jambo moja tu, kwamba alivamiwa. Tatizo huwa ni maelezo: kijana mwenye hofu, akiketi mbele ya mpelelezi bila mtu wake pembeni, huulizwa habari za jioni moja naye akaeleza habari za miaka mitano. Ikiwa ada ya wakili ni mzigo kwenu, wapo watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na mtu yeyote akitaka kumpima mwanao sehemu za siri ili “kuthibitisha”, mwanao akatae. Chama cha Madaktari Duniani kilivitaka vyama vya madaktari mwaka 2017 viwakataze wanachama wao kushiriki vipimo hivyo, na Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikiketi Mombasa, ilitamka kwamba kumlazimisha mtu kupimwa hivyo ni kuvunja katiba.

Sasa tuje kwenye haki. Tazama vizuri kilichotokea Buhongwa. Silaha ya wale wanne haikuwa panga, ilikuwa Kanuni ya Adhabu. Walijua kwamba kijana waliyempiga hatawashtaki, kwa kuwa akiwashtaki atakuwa amejishtaki mwenyewe, na walijua kwamba mama yake atauza hata kanga ili habari isifike kanisani. Jambo hili si geni. Bunge la Uingereza lilipotunga mwaka 1885 kifungu cha kuadhibu mambo ya faragha baina ya wanaume, haukupita muda watu wa huko wakakiita hati ya watishaji, kwa jinsi kilivyowanufaisha waliojua siri za wenzao. Kwetu hapa kesi chache za watu wazima waliokubaliana hufika hukumuni, na watetezi wa sheria hii hutumia hilo kusema kwamba haina madhara. Mimi naona kinyume chake. Sheria ambayo haifanyi kazi mahakamani lakini inafanya kazi usiku kwenye nyumba za wageni imewaachia wahalifu utekelezaji wake.

Halafu pima adhabu yenyewe. Anayevamia duka kwa bunduki hufungwa miaka isiyopungua 30. Anayebaka mwanamke hufungwa miaka isiyopungua 30. Watu wazima wawili waliokubaliana, ndani ya chumba walichokilipia, ambao hakuna aliyelia wala aliyeibiwa wala aliyekwenda kulalamika popote, nao ni miaka isiyopungua 30. Hakimu hana hiari ya kupunguza hata mwezi. Sheria isiyotofautisha aliyekubali na aliyelazimishwa imeacha kuuliza swali la kwanza ambalo jinai yoyote ya mwili wa binadamu inapaswa kuliuliza, yaani nani ameumizwa.

Wala hatukuirithi kwa wazee wetu. Maneno yake yanatoka kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, kifungu cha 377, ambayo Waingereza waliitumia hapa Tanganyika kabla hawajatuwekea ile ya 1930. Hadi mwishoni mwa karne iliyopita ukomo wa adhabu ulikuwa miaka 14. Mwaka 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana kwa nia njema iliyoandikwa kwenye utangulizi wake, kuwalinda wanawake na watoto, na ndani ya mkupuo huo huo adhabu ya watu wazima waliokubaliana ikapandishwa hadi ilipo leo. India yenyewe imeshatoka huko: Septemba 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikiondoa kifungu cha 377 kwa watu wazima wanaokubaliana.

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Mwanao ni “kila mtu”. Ni kweli kwamba ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, lakini anayeweka mpaka ndiye anayepaswa kueleza umma unapata nini. Umma wa Mwanza umepata nini kwa laki nane zako?

Kuhusu sala, mimi si padri, lakini sijui fundisho lolote linalomkataza mama kumwombea mwanawe ulinzi. Usimpeleke kwa mganga, wala kwenye maombezi ya kufungwa kamba na kufungishwa chakula. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha yake ya magonjwa tangu Mei 1990, na asiyeumwa hatibiwi.

Swali. Wakili, mimi ni katekista huku Sengerema. Maandiko yako wazi juu ya jambo hili. Ukitaka sheria ifutwe, huoni kwamba unahalalisha dhambi?
*Katekista*

Jibu. Mwalimu wangu, uzinzi umo ndani ya Amri Kumi, tena umeandikwa bila kificho. Hata hivyo Tanzania Bara hakuna mtu anayepelekwa gereza la Butimba kwa kuzini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mwenye ndoa kudai fidia kwa aliyezini na mwenzi wake, basi, mambo yanaishia kwenye madai. Je, wabunge wa 1971 walihalalisha uzinzi? Parokia zetu hazijaacha kuukemea hata Jumapili moja. Walichokifanya ni kutambua kwamba kuna makosa ya mtu mbele ya Mungu wake na mwenzi wake ambayo askari magereza hana namna ya kuyatengeneza. Mimi naomba kipimo hicho hicho kitumike kwa wote, kwa sababu ninapoona dhambi moja inaachiwa kitubio na nyingine inapewa miaka 30, nashindwa kuamini kwamba kinachotuongoza hapo ni Maandiko.

Kanisa lako mwenyewe limekwisha kulitenganisha jambo hili. Katekisimu, namba 2358, inataka watu hawa wapokelewe kwa heshima na huruma, na ubaguzi usio wa haki dhidi yao uepukwe, ingawa inaendelea kufundisha kwamba tendo lenyewe halikubaliki. Januari 2023 Papa Fransisko alisema waziwazi kwamba kuwa hivyo si jinai, na kwamba sheria zinazowaadhibu si za haki. Siku chache baadaye, akirudi kutoka Sudan Kusini pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na kiongozi wa Kanisa la Scotland, Iain Greenshields, wote watatu walizipinga sheria hizo mbele ya waandishi wa habari. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba ndoa ibadilishwe. Unaweza kukataa kubariki, ukakataa kufungisha ndoa, ukahubiri unavyoamini, na bado ukakataa mtu afungwe. Ibara ya 19 ya Katiba inaiweka dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na ulinzi huo ni wako pia: serikali inayoweza kumfunga mtu kwa kosa la kiimani leo haitashindwa kukuchagulia la kuhubiri kesho.

Jirani zako Waislamu wa hapo Sengerema watakuambia kwamba Kurani, katika sura ya 49, inakataza watu kupelelezana na kusengenyana, na kwamba anayemtuhumu mwanamke mtahashamu zinaa bila mashahidi wanne hupigwa yeye. Wazee hao walijua hatari ya kuwapa watu leseni ya kuchungulia vyumba vya wenzao.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nyegezi. Ushoga ni utamaduni wa Wazungu uliopandikizwa Afrika. Wenzetu wa Uganda wamefanya la maana mwaka 2023. Kwa nini sisi tusifuate?
*Mzalendo*

Jibu. Kijana wangu, kutoka hapo Nyegezi hadi Bukumbi ni mwendo mfupi wa gari. Pale ndipo Wamisionari wa Afrika walipojenga makao yao miaka ya 1880, na pale ndipo alipopata hifadhi Mwanga, Kabaka wa Buganda, baada ya kupinduliwa mwaka 1888 na kukimbia kwa mtumbwi akashukia Magu. Wamisionari hao hao, pamoja na wenzao wa Kianglikana, waliandika kwamba miongoni mwa sababu za Mwanga kuwachoma vijana wa ikulu yake, tunaowaita leo Mashahidi wa Uganda, ni kwamba walikataa kulala naye. Sitetei hata kidogo alichokifanya Mwanga. Mfalme anayewalazimisha vijana wake na kuwaua wakikataa ni mhalifu kwa kipimo chochote. Ninachosema ni kwamba, kwa ushahidi wa wageni wenyewe, tabia hiyo waliikuta hapa ziwani na si wao walioileta. Walichokileta kwa meli ni kifungu cha sheria, na Uingereza na Wales walikilegeza kwao mwaka 1967, sisi tukabaki tunakilinda kama urithi wa babu.

Juu ya Uganda, soma sheria yenyewe kabla hujaisifu. Iliyotiwa saini Mei 2023 ina adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa na kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayeonekana “kuhamasisha”. Ilipopitishwa ilimtaka raia awaripoti wenzake, na ilimgusa hata mwenye nyumba anayepangisha. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda, ingawa iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, ilivifuta vifungu vya kuripoti na vya kupangisha nyumba. Yaani hata majaji walioikubali sheria hiyo waliona kwamba huwezi kumgeuza kila mpangishaji na kila nesi kuwa mpelelezi.

Na kwa nini utazame kaskazini tu? Rwanda haina kosa hilo katika sheria zake, wala Kongo. Msumbiji, inayotawaliwa na FRELIMO, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, iliondoa masalia ya sheria ya Wareno kwenye kanuni yake mpya ya adhabu iliyoanza kutumika 2015, na Angola ikafanya hivyo kwa kanuni iliyoanza 2021. Rais mstaafu Joaquim Chissano aliwaandikia viongozi wa Afrika barua ya wazi Januari 2014 akiwasihi wasiwabague watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi. Hao ni Wazungu?

Mfano unaonivutia zaidi kama mwanasheria ni Botswana. Mwaka 2003 Mahakama yao ya Rufaa iliulizwa swali hili ikajibu kwamba wakati haujafika, jamii bado haijawa tayari. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, majaji watatu, ikaamua kwamba wakati umefika, serikali ikakata rufaa, na Novemba 2021 majaji watano wa Rufaa kwa kauli moja wakaithibitisha hukumu hiyo. Katika miaka hiyo 18 wengi wa Wabotswana hawakuacha kwenda kanisani, ndoa hazikuvunjika kwa makundi, na ng'ombe hawakuacha kuzaa. Kenya ilikataa kubadilika mwaka 2019, nakubali, na majaji wake walikuwa na hoja zao kuhusu ibara ya ndoa katika katiba yao. Lakini hoja ya ndoa si hoja ya jela, na hapo naona Nairobi walichanganya mambo mawili.

Ukitaka kujua kwa nini kesi ya namna hiyo imekuwa ngumu kufunguliwa kwetu, soma marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Marekebisho hayo yalimtaka anayekwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kikatiba aeleze yeye binafsi ameathirika vipi. Kwa mtu huyu maana yake ilikuwa kuapa hadharani jambo ambalo likijulikana linaweza kumfunga miaka 30.

Swali. Wakili, nani anakulipa? Jibu hilo kwanza.
*Msomaji, Igoma*

Jibu. Ananilipa mhariri, na malipo yenyewe hayatoshi nauli ya kwenda na kurudi Kamanga. Lakini naelewa swali linatoka wapi. Mwaka 2011 David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, alitishia kupunguza misaada kwa nchi zenye sheria hizi, na waziri wetu wa mambo ya nje, marehemu Bernard Membe, akajibu hadharani kwamba Tanzania haitakubali sharti hilo. Hapo mimi nilikuwa upande wa Membe. Vitisho vile viliwaumiza watu wale wale vilivyodai kuwatetea, maana tangu hapo kila Mtanzania anayelitamka jambo hili huulizwa bei yake. Sababu zangu ziko kwenye Katiba ya 1977 na kwenye ile ahadi ya TANU tuliyoikariri shuleni, kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja.

Swali. Mimi ni baba wa mtoto wa kiume aliye bweni. Kila siku tunasikia kwenye redio watoto wamelawitiwa. Wewe unataka kifungu hicho hicho kifutwe. Watoto wetu unawaacha kwa nani?
*Mzazi, Magu*

Jibu. Kati ya barua zote za mwezi huu, hii ndiyo yenye hoja nzito, na wanaopigania mabadiliko wakiikwepa wanakosea. Uko sahihi kwa jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 130, kinachohusu kubaka, kimeandikwa kwa ajili ya mwanamke na msichana tu. Mvulana aliyeingiliwa kwa nguvu hana kifungu cha kubakwa. Kesi yake hupelekwa chini ya 154. Kwa hiyo anayesema kifungu hicho kifutwe, kisha akanyamaza, amewaacha wavulana wetu bila ukuta.

Mimi sisemi hivyo. Nasema sheria iandikwe upya, kosa la kubaka limlinde “mtu” yeyote, wa kike kwa wa kiume, aliyeingiliwa bila ridhaa, na aliye chini ya miaka 18 ahesabiwe kwamba hana ridhaa ya kutoa. Kenya ililiandika kosa la kubaka limlinde mtu yeyote kwenye Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, na Afrika Kusini mwaka 2007. Aliyemwingilia mtoto wako abaki na adhabu yake ile ile, mimi sitampigania apunguziwe hata siku moja. Kinachotoka ni kosa la watu wazima wawili waliokubaliana, na hapo kifungu kinakuwa kimebaki na wahalifu halisi.

Tena itazame sheria ya sasa kwa jicho la aliyeumizwa. Kijana wa miaka 19 anayefanyiwa ukatili na mwajiri wake kwenye kambi ya uvuvi visiwani akienda kushtaki, anakwenda mbele ya kifungu ambacho kinamtia hatiani pia “anayeruhusu”. Swali la kwanza atakaloulizwa, au atakaloogopa kuulizwa, ni kama aliruhusu. Wengi hunyamaza. Na kuwachanganya wanaodhuru watoto na watu wazima wanaoishi maisha yao kuna hasara nyingine, kwamba tunamtafuta mhalifu kwa sura. Tunamwangalia kijana anayetembea kwa madaha kule mtaani huku mjomba mwenye ndoa na heshima zake, ambaye ndiye anayeachiwa watoto wakati wa likizo, haangaliwi na mtu.

Swali. Mimi ni nesi katika zahanati moja kisiwani Ukerewe. Amekuja mvuvi kijana, ana dalili zinazoonyesha alivyopata maambukizi, na mwenyewe ameniambia. Wenzangu wanasema nimtaje. Nifanyeje?
*Nesi*

Jibu. Mtibu, dada, na ukae na siri yake. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa na inakataza unyanyapaa. Sisi wa ukanda huu hatuna haja ya kufundishwa somo hili na mtu wa mbali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na wenye umri wangu wanakumbuka jinsi watu walivyofichwa ndani, wakaitwa waliolaaniwa, wakaoga na kula peke yao, huku ugonjwa ukitembea kutoka mwalo hadi mwalo kwa sababu hakuna aliyethubutu kuutamka. Ulianza kupungua watu walipoweza kupima bila kutukanwa. Mvuvi wako akitajwa leo, wenzake wa kambini hawatakanyaga tena zahanati hiyo, na kule kambini kuna wake, wachumba na watoto watakaozaliwa. Kijana aliyevuka maji mpaka kwako akakueleza ukweli amekupunguzia nusu ya kazi.

Swali. Wakili, mimi ni mjumbe wa nyumba kumi huku Igogo, mlimani. Wananchi wamenijia wakisema kuna vijana wawili wamepanga chumba kimoja na “hawaeleweki”. Wanataka niitishe kikao wafukuzwe, na wengine wanasema wasipofukuzwa watajua la kufanya. Sheria inanitaka nini?
*Mjumbe*

Jibu. Mzee wangu, wanaume wawili kupanga chumba kimoja si kosa, na kwa kodi za Igogo ni jambo la kawaida kabisa. “Hawaeleweki” si ushahidi wa kitu chochote. Waulize waliokuletea habari wameona nini kwa macho yao, kisha waulize walikuwa wanafanya nini dirishani kwa watu.

Wewe ni mtu mzima, unakumbuka. Mwaka 1976 hapa Mwanza na Shinyanga watu walikamatwa kwa mkumbo katika msako wa mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi, wakateswa mahabusu na baadhi wakafa, hadi mwaka 1977 mawaziri wakajiuzulu, akiwamo Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wale bibi zetu nao, waliouawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Kila mara ilianza hivi hivi, kwa majirani kuja kwa mjumbe na habari ya mtu asiyeeleweka.

Usiitishe kikao, huna mamlaka ya kumfukuza mpangaji, mkataba ni wake na mwenye nyumba. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, na andika vitisho ulivyovisikia pamoja na majina ya waliovitamka, bila kuandika tuhuma za chumbani. Waambie vijana wenyewe, kwa utulivu, kwamba kuna maneno, ili wakiamua kulala kwingine siku mbili tatu waamue wao. Na kundi likijikusanya usiku, piga 112 kabla mlango haujavunjwa, kisha asubuhi ukatoe maelezo kituoni na kuwataja uliowatambua. Waliovunja mlango ndio watakaokuwa na kesi ya kujibu, na aliyekuwa amelala ndani atahojiwa kama shahidi wa kuvamiwa kwake, wala hana wajibu wa kumweleza mtu alikuwa amelala na nani.